Kifuniko Ulimini

Nikipita kichochoro kinachonuka mkojo, huhisi ladha ya kutu ulimini.

Mzee mmoja mwenye duka katika barabara ya Ndia Kuu alikusanya chupa kuukuu za soda, na kila kifuniko cha zamani tulichompelekea alikilipia kwa halua. Vilipotuishia, mimi na dada yangu tulichukua kipya, tukabandua plastiki ya ndani, tukabandika kipande cha gome la mti kama kilichokuwa ndani ya vile vya zamani, kisha tukakiloweka siku kumi katika mkebe wa mkojo wangu kishike kutu. Tulikianika tu. Hatukukiosha.

Mzee alichungulia lile gome, akaridhika. Kisha akakilamba.

Nilishtuka. Dada akanifinya. "Nyamaza!" akaninong'oneza. "Kwani mkojo wa nani?"

"Kutu mpya huuma ulimi," mzee alisema, akilamba tena polepole. "Hiki kimetulia. Cha kale hasa, mwanangu."

Akamega halua kwa vidole vile vile, akanitia mdomoni kwa mapenzi, akangoja nimeze.

Siku hizi nikikaribishwa halua, husema nina kisukari. Sina.