Udhu wa Nuru: Kutoka Gongoni Hadi Kilifi

Mimi si mtu wa safari. Kazi yangu ni kushona mabuibui hapa Malindi, na anayenitaka ananikuta kwenye cherehani. Lakini Jumapili moja asubuhi mdogo wangu Saumu, aliyeolewa Gongoni, alinipigia simu akasema, "Dada, njoo unitazamie Nuru. Baba yake anataka kumtoa shule." Nikamuuliza mtoto kafanya ubaya gani. "Hakufanya ubaya," akajibu huku akilia. "Anasali mno."

Nusura nicheke. Msichana wa miaka kumi na minne anasali mno, na mama yake analia? Mtaani kwetu wako wazazi ambao wangetoa sadaka wapate msiba kama huo. Ila Saumu si mtu wa kulialia ovyo, namjua tangu namfunga nepi. Nikafunika cherehani, nikaondoka.

Nilifika Gongoni jua likiwa la utosi. Kule mwangaza unakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye mashamba ya chumvi, na maji ya visima yana chumvi vilevile, kwa hiyo maji matamu huletwa kwa pikipiki, mitungi ikiwa imefungwa pande zote mbili. Uani kwa Saumu nilikuta mitungi mitupu imepangwa ukutani kama ya harusi. Mama yetu, anayeishi kwa Saumu tangu baba afariki, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na pipa la maji.

"Shikamoo, Mama. Kuna shughuli gani hapa?"

"Marahaba. Shughuli gani tena? Maji ya udhu ya Nuru hayo." Akatabasamu kwa fahari. "Huyu mke mwenzangu si mtoto wa siku hizi. Majirani wanamletea watoto wachanga awaombee dua."

Kwetu pwani bibi humwita mjukuu wake wa kike mke mwenzake, kwa utani tu. Lakini siku hiyo Mama hakuwa anatania hata kidogo.

Alasiri ilipoadhiniwa nikamwona mwenyewe. Nuru alikuja na kata ya kutekea maji, akaniamkia kwa adabu, akaanza kutawadha. Mikono, kinywa, pua, uso, mikono mpaka viwiko, kichwa, masikio, miguu. Alipofika kisiginoni akasita. "Bibi, kisigino nimekiosha?" "Umekiosha, mke mwenzangu." Akatikisa kichwa, akarudi mwanzo. Maji matamu ya pipani yakaisha, akateka ya kisimani, na yalipomgusa vidoleni akafumba macho kwa uchungu, maana ngozi katikati ya vidole ilikuwa imepasuka. "Bibi, una hakika umeona?" "Wallahi nimeona." Akaanza tena. Watu walitoka msikitini, wakarudi makazini, na Nuru yu palepale uani. Hatimaye aliposimama kwenye mswala, akaikata sala katikati, akarudi kwenye kata.

Mimi si mwanachuoni, lakini watu wanaosali nawajua. Huyu hakuwa na uso wa mtu anayekwenda kwa Mola wake. Alikuwa na uso wa mtu anayefukuzwa.

Jikoni Saumu akanimwagia yaliyokuwa moyoni. Mtoto anafika shule wenzake wakiwa wametoka kwa mapumziko. Hali vizuri, kwa sababu kula kunamlazimu kuosha mikono. Rafiki zake wameacha kuja. Usiku analala na miguu nje ya shuka, asije akagusa najisi. Imekuwa hivyo tangu kabla ya Ramadhani, na kila mwezi umezidi uliotangulia.

Magharibi ilipopita, shemeji yangu Athmani akarudi kutoka dukani kwake, anakouza vipuri vya pikipiki. Mtu mwema, ila akishika neno hulishika kwa mikono miwili. "Shemeji," akaniambia, "mtoto kama huyu shule inampotezea wakati tu. Kuna chuo cha wasichana Lamu, watamhifadhisha Kurani. Mwezi ujao, inshallah."

Nikamwambia kuna daktari wa akili ya watoto Kilifi. Mteja wangu mmoja alimpeleka mwanawe huko, na sasa kijana amerudi shule.

Athmani akaweka kikombe chini. "Mwanangu si mwendawazimu."

"Nani kamwita mwendawazimu? Nimesema anaumwa. Umeitazama mikono yake?"

Akakigeuza kikombe. Kisha akasema, "Haya. Nitawapeleka mwenyewe, ili huyo daktari akwambie kwa kinywa chake kwamba kusali si maradhi."

Siku ya miadi tuliondoka asubuhi kwa gari la Athmani, Mama kakaa mbele, mimi na Nuru nyuma, Saumu kabaki na wadogo zake Nuru. Tulivuka daraja la Sabaki, mto ukiwa mwekundu kwa udongo wa bara, tukapita Malindi bila kusimama. Nilipomwuliza Nuru kama anataka kwenda Lamu, akatazama dirishani. "Ma'mkubwa, huko nani atanitazama nikitawadha? Bibi hatakuwako." Chuo hakikumtisha kwa masomo. Alichoogopa ni kukaa peke yake na kile kisigino.

Gede, adhuhuri. Athmani akasimamisha gari tusali. Yeye akaingia upande wa wanaume, sisi tukaenda kwa wanawake, kuna ukuta tu kati ya sehemu mbili za kutawadhia. Mimi nikamaliza, nikasali, nikarudi. Nuru alikuwa bado bombani. "Bibi, kisigino?" "Tayari, mke mwenzangu." "Umeona kwa macho yako?" "Kwa macho yangu." Wanawake wawili wasafiri wakasimama kungoja zamu, wakanong'onezana, wakaenda zao. Maji yalikuwa yanatiririka na mtoto anasugua kisigino kilekile.

Nilipotoka nje nilimkuta Athmani ameegemea ule ukuta upande wa pili. Alikuwa amekwisha kusali. Kila siku sala ya adhuhuri humkuta dukani, na ya alasiri pia, na nyingine huzisali msikitini. Nyumbani alichokuwa akiletewa ni sifa. Sasa alikuwa anasikia. Sauti ya binti yake ikapita ukutani tena, "Bibi, nimekiosha?", naye akageuka kunitazama.

"Ni hivi kila mara?" akaniuliza.

"Kila mara."

Nuru alipomaliza, Athmani akawasha gari, tukapita Dabaso mpaka Kilifi.

Kilifi tulifika mapema, tukangoja kwenye benchi chini ya feni. Daktari Kadzo alikuwa mwanamke wa makamo, Mgiriama, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Mama kwanza, shikamoo yake ya kweli, na Mama, aliyekuja kakunja uso, akalegea kidogo. Alitusikiliza sote, halafu akaomba abaki na Nuru peke yake. Wakakaa kitambo. Tulipoitwa tena, macho ya Nuru yalikuwa mekundu, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Nuru ameniruhusu niwaambie mawili," akasema daktari. "La kwanza, nilimwuliza, ukimaliza kutawadha unapata raha? Akaniambia hapati. Anapata hofu, halafu hofu nyingine. La pili, ziko siku alitamani alale asiamke, apumzike na maji."

Athmani akainamisha kichwa. Mama akasema, "Ya Rabi," akamshika Nuru mkono, vidole vilevile vilivyopasuka.

Daktari akaeleza kwamba ni ugonjwa unaojulikana, huwapata watoto wengi umri huu, na hushika kile ambacho mtoto anakithamini zaidi. Wa Nuru umeshika udhu. Si dhambi yake, si jini, wala si malezi mabaya. Athmani akauliza, kwa unyenyekevu ambao sikuuzoea kwake, mzazi atajuaje.

"Si kila mtoto mkaidi au mwenye huzuni ya siku mbili aletwe kwetu, Baba. Mtazame. Analala? Anakula? Shule inakwenda? Ana wenzake? Hayo yakiharibika wiki baada ya wiki, na mwenyewe anataka kuacha lakini hawezi, msingoje. Na akitaja kufa, njooni siku hiyohiyo."

Tiba itakuwa ya mazungumzo na mazoezi, kidogo kidogo, kila wiki, na dawa zikihitajika zitafuata. Kisha akamgeukia Mama. "Bibi, kazi kubwa ni yako. Akikuuliza kama ameosha, usimjibu."

"Nisimjibu?" Mama akashtuka. "Mtoto ananiuliza, na mimi nimeona?"

"Jibu lako linamtuliza kwa muda mfupi, halafu ugonjwa unadai jingine. Mwambie tu uko naye."

Athmani akasema polepole, "Hata chuoni tulifundishwa, shaka haiondoi yakini, wasiwasi hauvunji lililo na hakika. Nilisahau kumfundisha mwanangu." Kisha akamwambia Nuru, "Lamu hutakwenda. Shule utarudi."

Njiani kurudi niliwaza jinsi tunavyowatazama watoto. Mtoto akivunja vyombo, mtaa mzima unajua ana shida. Akiumia ndani ya jambo jema, tunampigia vigelegele. Nyumba ile ilimpenda Nuru sana, na kwa mapenzi yaleyale ikamtekea maji ya kujiumizia. Nilijifunza kwamba kumpeleka mtoto kwa daktari wa akili si kumwaibisha. Ni kukubali kwamba kuna mzigo ambao mapenzi ya nyumbani peke yake hayautui. Nilimwonea huruma sana Mama, aliyekaa mbele akisokota pembe ya leso yake.

Tuliingia Gongoni magharibi ikiadhiniwa. Athmani akatandika mswala sebuleni. Nuru akachukua kata, Mama akakaa kigodani, mimi na Saumu tukasimama mlangoni mwa jikoni. Mikono, uso, kichwa, miguu. Kisiginoni akasita.

"Bibi, nimekiosha?"

Mama akafungua kinywa, akakifumba.

"Bibi? Niambie. Mara hii tu, ya mwisho."

"Niko hapa nawe, mke mwenzangu," akasema Mama, na machozi yakamtoka.

Nuru akalia, akapiga mguu chini, akamwita Mama mkatili. Mama akatia pembe ya leso kati ya meno asiseme. Ndani Athmani alikuwa amesimama kwenye mswala, hajakimu ili sala ianze. Alingoja, na wekundu wa mbingu ukaanza kupungua, wakati wa magharibi ukikaribia kwisha. Mwishowe Nuru akaweka kata chini, akaingia, akasimama nyuma ya baba yake. Wakasali.

Walipotoa salamu, Nuru akasema, "Baba, sijui kama nilikiosha."

"Hata mimi sijui, mwanangu," Athmani akasema. "Tumesali."