Mwigizaji Aliyekatwa Nusu

Jumamosi, stesheni ya Ruiru, wanawake wawili waliketi nami benchi moja, kila mmoja na nusu ya kitabu. Walikuwa wamekikata kwa kisu ili wasingojeane. Ni hadithi ya mwigizaji wa sinema aliyestaafu, anayesikia nyayo nyumbani mwake, nawe msomaji hujui kama anaviziwa au amerukwa na akili.

"Maskini mama wa watu! Nimemlilia mpaka chai ikapoa," alisema wa nusu ya kwanza.

"Huyo nyoka?" akacheka mwenzake, aliyeanzia nusu ya pili. "Ungejua alichomtilia dada yake kwenye..."

"Wewe, nyamaza!" Akaziba masikio kwa ncha za kitambaa cha kichwa. "Niachie nimpende kidogo!"

Treni ikaja, wakabadilishana nusu zao, shingo upande. Kabla hatujafika Thika, aliyemwita nyoka alikuwa anapangusa machozi, na aliyemlilia alikuwa anasonya.

Majirani zetu nao tumewaanzia katikati, tukawaita nyoka au malaika. Tatizo ni kwamba kwa hao hatuna stesheni ya kubadilishana nusu zao.