Siku Kina Mama Walipohesabiwa Mara Mbili

Mwezi uliopita niliitwa kwenye mkutano wa mipango ya maendeleo hapa Mbale, katika ukumbi ulio upande wa viwanda. Tulitia sahihi ya mahudhurio, tukapewa soda, kisha tukasomewa mpango uliokwisha kuchapwa. Nilimshukuru Mungu kwa soda na kwa kiti, maana sasa nami ni mzee wa kanisa na mgongo unanikumbusha. Lakini mawazo yangu hayakukaa ukumbini. Yalikwenda kijijini kwa bibi, mbele kidogo ya Mafubira unapotoka Jinja mjini, miaka ya tisini, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa.

Baba alikuwa askari magereza aliyehamishwa kila mara, kwa hiyo aliniacha kwa bibi nisome bila kuhamahama. Siku yangu ilianza na jerikeni. Chemchemi ilikuwa bondeni, na ng'ombe waliifikia kabla yetu. Ukifika unakuta maji yametibuliwa, unasimama kwenye tope baridi ukingoja yatulie, ndipo unachota kwa kikombe, polepole. Mara nyingi kengele ya shule ililia nikiwa bado pale. Waliochelewa walifyeka nyasi mpaka mapumziko, na somo la kwanza lilikuwa hesabu. Nilipokuwa darasa la sita mwalimu alisema wazi: mtoto asiyejua hesabu hatamwandikisha kwa mtihani wa mwaka unaofuata. Bibi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Nilipomwambia, hakugusa viazi vyake jioni ile.

Basi likaja tangazo kutoka gombolola, ile ofisi ya tarafa: kila kijiji kichague jambo moja la kuingizwa katika mpango wa maendeleo. Kwetu yalikuwapo mawili. Wenye miwa na baiskeli walitaka barabara ipanuliwe. Sisi wachota maji tulitaka chemchemi ijengwe kwa saruji, iwekwe bomba, na ng'ombe watengewe birika lao pembeni.

Siku hizo hatukupiga kura kwa karatasi. Ulisimama katika mstari wa kile unachokitaka, kila mtu akikuona. Mwenyekiti wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu, tukimwita afande. Aliendesha mikutano kwa Kiswahili kwa sababu kijiji kilikuwa na watu wa makabila mengi, wengi wao wastaafu wa jeshi na magereza.

"Barabara kushoto, chemchemi kulia," alitangaza. "Mtu akikaa chini, amejitoa. Hahesabiwi."

Watu wakagawanyika. Jirani yetu, fundi wa baiskeli, alikwenda kushoto. Mkewe akaja kulia.

"Wewe, rudi huku!" mume akaita.

"Kaa na barabara yako," mke akajibu. "Jioni utaioga!"

Uwanja ukacheka. Harufu ya kahawa mbichi ilikuwa ikipanda kutoka chini ya miguu yetu. Niliitazama mistari miwili nikaona wetu ni mrefu. Hesabu nilizokuwa nazo zilitosha kwa hilo.

Ofisa wa gombolola, kijana mwenye tai aliyehamishiwa kwetu karibuni kutoka mbali, akahesabu upande wa kushoto, akaandika. Kisha akageuka kuja kwetu. Mstari wetu ulikuwa wa kina mama karibu wote, na mgeni wa serikali alikuwa akiwajia. Wakafanya walichofunzwa tangu utotoni: mmoja baada ya mwingine walipiga magoti kumsalimia kwa Kisoga. "Kodheyo, ssebo." Ofisa aliitikia bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, akahesabu waliobaki wamesimama. Walikuwa wanaume wachache na wazee wawili ambao magoti yao yalikwisha kukataa, mmoja wao bibi yangu. Akatangaza kwamba barabara imeshinda.

Niliuona mwaka mzima mwingine wa kufyeka nyasi.

"Bwana ofisa!" Bibi alipaza sauti. "Umehesabu wenye magoti mabovu peke yao. Hawa wazima umewaacha wapi?"

"Mama, sheria ni sheria. Wamekaa chini."

"Hawajakaa. Wanakusalimia wewe!"

"Hiyo ujanja!" mtu akapiga kelele kutoka kushoto. "Mmeshindwa, kubalini!"

Afande alikuna kidevu. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama upande wa barabara, na miwa yake ilipita njia ile. Aliwatazama kina mama, ambao bado walikuwa chini.

"Sheria niliitoa mimi," alisema, "na salamu sikuifikiria. Kina mama, simameni! Leo serikali ihesabu kwanza, isalimiwe baadaye."

Wakasimama, wakikung'uta maganda ya kahawa magotini. Tuliwazidi kwa watu tisa. Ofisa alipomaliza kufuta na kuandika upya, wote wakapiga magoti kwa pamoja, na safari hii alifunga daftari, akaitikia mmoja mmoja mpaka mwisho.

Saruji ilikuja mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Kila nyumba ilileta fungu lake la mawe. Fundi wa baiskeli alisomba mchanga kwa karai nyuma ya baiskeli, na afande alichimba mtaro bila shati. Asubuhi ya kwanza jerikeni langu lilijaa kabla sijamaliza Sala ya Bwana. Nilifika darasani mwalimu akiwa bado anafuta ubao. Muhula ule aliandika jina langu kwa mtihani, na Mungu akanijalia kupita.

Barabara ilingoja miaka mingi, na sikumbuki mtu wa mstari wa kushoto akikataa kuchota maji yetu. Sasa bibi na afande wamelala. Bonde limejaa nyumba za kupanga, na mahali pa bomba pana ukuta wa mtu. Nikifika Jinja hupita pale nikasimama kidogo kutoa shukrani. Wapangaji hudhani nimepotea, huniuliza natafuta nini. Huwaambia hapa ndipo niliposomea. Hutazama huku na huku, wasione shule.