Mzizi wa Mama Rasoa na Panya wa Maabara

Siku ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe lililonipwaya, glavu nene za ngozi, na panya. Nilikuwa nimetoka mabanda ya Kibera kwa miguu, viatu nimeving'arisha, nikidhani nitakaa mezani. Fundi Mkuu, bwana mfupi asiyecheka, aliniona nikisita mlangoni pa nyumba ya wanyama.

"Wewe unaishi Kibera na unaogopa panya?"

Mchagua jembe si mkulima. Niliingia, na humo ndani ujana wangu ukaishia.

Vijana wa leo hudhani maabara ni mashine. Enzi zetu, uhuru ungali mchanga, ilikuwa mikono. Tulifunzwa kumshika panya mgongoni kwa nguvu ya kutosha asigeuke akakuuma, lakini asikose pumzi, kwani panya mwenye hofu hukataa kula na majibu yake huwa ya uongo. Dawa tulimnywesha kwa sindano butu yenye ncha ya mviringo, tukiiteremsha kooni taratibu. Ukikosea njia, dawa huingia mapafuni na mnyama amekwisha.

"Huyu hakukuomba kazi," Fundi Mkuu alisema kila tulipofanya uzembe. Namshukuru mpaka leo.

Baada ya miaka nikahamishiwa meza ya upasuaji, chini ya Mkuu wa Utafiti, mama mpole wa sauti na mkali wa macho. Mimi ndiye niliyemweleza habari za Mama Rasoa. Huyu alikuwa jirani ya dada yangu kule Kawangware, upande wa Gatina, mpangaji kutoka Magharibi ya Kenya kama sisi, aliyetibu tumbo la kuhara damu kwa mzizi wa kuchemsha. Dada yangu aliteseka sana kabla ya kupona mikononi mwake. Mkuu akanituma nikauombe mzizi huo tuupime.

Mama Rasoa alikubali bila kubembelezwa. Ila kabla ya kunikabidhi, alijaza kikombe akanywa mbele yangu. Katika ukoo wake ilikuwa mwiko mganga kutoa dawa bila kuionja kwanza machoni pa anayeipokea.

"Mimi siwezi peana kitu mtu anashuku," alisema. "Kila mgonjwa akikuja, nakunywa kwanza. Halafu yeye anakunywa bila wasiwasi."

Niliipenda desturi ile. Niliona ni uaminifu mtupu.

Tukaanza. Panya walilazwa usingizi, tukawatia tindikali hafifu kwenye utumbo mpana kwa mpira mwembamba, ili uvimbe na kutoa vidonda. Kundi moja lilinyweshwa maji ya mzizi, jingine maji matupu. Hilo la pili tuliliita kundi linganishi, maana bila la kulinganisha hujui kama ni dawa iliyoponya au ni mwili wenyewe. Tulipowapasua, utumbo wa waliopewa maji matupu ulikuwa mwekundu na mzito. Wa waliokunywa dawa, vidonda vilikuwa vinafunga. Nilifurahi hadi nikapiga makofi.

"Hiyo ni nusu ya swali, Luka," Mkuu alisema. "Sasa tuwape panya wazima, kwa muda mrefu, tuone inafanya nini kwingine."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini katika kazi yetu haraka huua. Waliokunywa kwa siku chache walibaki wazima. Waliokunywa kwa muda mrefu walijaa maji tumboni, na maini yao tuliyakuta magumu, yenye vinundu. Mkuu aliinama kwenye hadubini, kisha akanigeukia.

"Wagonjwa wa Kawangware hunywa kwa muda gani?"

"Siku chache tu. Wakipona wanaacha."

"Basi hao hawana neno. Kuna mtu anayekunywa kila siku?"

Nilikikumbuka kikombe cha Mama Rasoa. Nikavua koti, nikaomba ruhusa.

Nilimkuta Mama Rasoa ameketi nje ya chumba chake, miguu imevimba. Macho yake yalikuwa ya manjano, nami siku zote nilidhani ni moshi wa jiko. Nilimweleza yote. Aliniacha nimalize.

"Na wagonjwa wangu?"

"Wako salama, mama."

"Mmeangalia vizuri?"

"Tumerudia mara nyingi."

"Basi Mungu asifiwe."

Nilikasirika. Nilimwambia, karibu kwa kufoka, aache kuonja.

"Nikiacha, nani atakunywa? Watasema Rasoa ameanza kuogopa dawa yake."

Tukiwa bado tunabishana, akaja mama mmoja ameshika tumbo, anatetemeka. Mama Rasoa aliinuka kwa shida akajaza kikombe. Nilimshika mkono. Alinitazama mpaka nikamwachilia, kisha akanywa.

Mwishowe alikubali nimpeleke hospitali, lakini ini lilikuwa limeharibika mno. Tuliusafirisha mwili wake kwao Magharibi, na watu wa Kawangware waliopona kwake walijaa kumuaga.

Nimestaafu sasa. Vijana wa utafiti hunijia wakiuliza kama mitishamba inafaa. Inafaa, nawaambia, na inaweza kuua, na kazi yenu ni kujua lini. Lakini nikimsikia mmoja akiwacheka waganga, hasira hunipanda nikagonga mkongojo sakafuni. Sisi wa makoti meupe tulikuwa na panya wa kututangulia. Mama Rasoa alitangulia mwenyewe.