Mke wangu alisikia kila neno, mbele ya baba yake akasema hakusikia

Admin, jina langu liweke pembeni, maana wakwe zangu nao wanaufuata ukurasa huu na hasira zao bado ni mbichi.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, naishi Bujumbura, nauza vipuri vya pikipiki pale Jabe. Nina mke na watoto watatu. Si tajiri, wala sura yangu si ya kujivunia, lakini jina langu ni safi. Kipuri kikiwa kimetumika namwambia mteja kimetumika, hata kama ataondoka. Mke wangu alizoea kunitania kwamba nitakufa maskini kwa sababu ya mdomo huu. Nami nikidhani ananisifu.

Nilikuwa na Toyota kuukuu. Mafuta yalipoadimika mjini nikaiegesha uani, kuku wakaifanya nyumba yao. Gari lisilotembea nani atalilipia kodi ya barabara? Muda wa kodi ukapita, nikanyamaza. Mwishowe nikaamua kuliuza, na wa kwanza kulitaka akawa kaka wa mke wangu, anayefanya kazi kwenye depo moja huko Zone Industrielle, kwenye eneo la viwanda.

Hapa kwetu ukiuza kitu kikubwa unaita mashahidi, mnakunywa pamoja, na waliokunywa ndio watakaosema siku mkigombana. Mimi sikuita mtu. Kumwitia shemeji yako mashahidi wa nje ni sawa na kumwambia humwamini, na ukweni neno hilo lingefika kabla ya gari. Nikajisemea mke wangu yupo, anatosha.

Basi tukakaa sebuleni watatu. Mke wangu akaleta bia, akatumiminia, akaketi pembeni yangu.

"Muramu, nikuambie mapema," nikaanza. Ndivyo mashemeji tunavyoitana huku. "Taxe ya barabara ilikwisha kitambo. Usitoke na hii gari mbele ya kuilipa. Ni yo sababu nakupunguzia bei."

"Iyo si shida, muramu," akajibu. "Mi nitalipa lundi."

Alipoondoka, mke wangu akakusanya glasi, akaniambia, "Umefanya muzuri kumuambia ukweli." Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu yalinifurahisha.

Jumatatu ikapita, hakulipa kitu. Akaanza kutembea nalo hivyo hivyo, mpaka siku aliyopakia mzigo wa bosi wake. Polisi wakamsimamisha, gari likazuiwa na mzigo ukiwa ndani, na mteja aliyekuwa akiusubiri akaenda kununua kwingine. Bosi akataka kumfukuza kazi. Ndipo shemeji akakumbuka kwamba ana mtu wa kumtwisha lawama. Akasema nilimdanganya, nilimuuzia gari nikiapa kwamba kodi imelipwa.

Baba mkwe akatuita kwake Kibenga, familia nzima. Nilienda na moyo mweupe, hata njiani nilikuwa nacheka. Shahidi wangu si huyu nimekaa naye kiti kimoja kwenye teksi?

Mzee akatusikiliza mimi na shemeji, kisha akamgeukia binti yake. "We ulikuwa hapo. Bwana yako alimuambia kaka yako mambo ya taxe, ao hakumuambia?"

Mke wangu akatazama mikono yake. "Papa, mi sikusikia. Nilikuwa mu jikoni."

Jamani! Ningesema nini? Kwamba mke wangu ni mwongo, mbele ya mama yake aliyemzaa? Shemeji alikuwa anatazama dirishani kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Mzee akakata shauri: Jumapili nirudi na kreti za vinywaji, nisimame mbele ya familia na mbele ya bosi wa mwanawe, nikiri kwamba nilificha, niombe msamaha. Nisipokwenda, atamchukua binti yake na watoto mpaka nipate adabu.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza mke wangu kwa nini. Hakukataa, hata hakutafuta uongo mwingine.

"Patron ya kaka akisikia alijua, atamufukuza," akaniambia. "We uko na biashara yako, hakuna mutu wa kukufukuza. Enda useme tu, ni maneno. We utanisamehe. Yeye hawezi kunisamehe."

Yaani alitupima sisi wawili, akaangalia nani ni rahisi kuumiza, akanichagua mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nawaambia wengine methali hiyo nikiwa nimeshiba. Ndugu zangu, nina uchungu ambao sijawahi kuuonja. Kibaya zaidi bado nampenda. Angekuwa na mwanaume mwingine, ningejua la kufanya. Hili la kunikana kwa sababu mimi ni mwema sijui linaitwaje.

Nikikataa kwenda, nyumba yangu inavunjika na shemeji anapoteza kazi, nami nitaitwa mwongo mwenye kiburi. Nikienda, Jabe nzima itasikia kwamba nimekiri kwa kinywa changu kuwa nauza vitu kwa kuficha kasoro, na nani atanunua kipuri kwangu tena?

Jumapili ni kesho kutwa. Kreti ziko sebuleni, amezinunua mke wangu mwenyewe, na shati langu jeupe ameshalipiga pasi. Nikisimama pale Kibenga kuomba msamaha, yeye atakuwa amekaa upande wa kwao akinisikiliza, na katika kikao kile chote ni yeye na kaka yake tu watakaojua kwamba sina kosa.

Nishaurini, wenzangu. Mngekuwa mimi, mngezibeba hizo kreti?