Mchikichi Ulionawiri Kuliko Yote

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilishuka kwenye lori la kituo cha utafiti wa kilimo nikiwa na viatu vyeusi nilivyovipiga rangi usiku kucha, na kabla sijafika mlangoni mwa ofisi vilikwisha kuwa vyekundu kwa udongo. Mkuu wa Kituo, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alinitazama kuanzia tai hadi viatu. Akachukua panga lililoegemezwa ukutani, akanikabidhi pamoja na tunda moja bivu la mchikichi.

"Wewe ndiye mchumi tuliyeletewa?"

"Ndiyo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kata."

"Nikate nini?"

"Hilo tunda, katikati. Uchumi wote wa mkoa huu umo humo ndani. Usipouona, rudi kwenu Ujiji ukauze dagaa."

Nikakata, na kidole changu nikakikata pia. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanifunga kitambaa mwenyewe.

Nasimulia haya kwa sababu mkuu wa shule moja ya sekondari hapa Gungu alinifuata nyumbani, akaniomba niwaandikie wanafunzi wake kwamba zipo kazi zinazotumia baiolojia na uchumi kwa pamoja. Wapo wanaopenda yote mawili na wazazi wanawaambia wachague moja. "Mzee wetu, uwatie moyo," akaniambia wakati anaaga. Kuwaandikia, nawaandikia. Hilo la kutia moyo sikumwahidi.

Kazi yangu iliitwa uchumi kilimo, na kwa upande wangu ilikuwa uchumi wa michikichi. Mtu wa baiolojia anakuambia mti huu utazaa nini. Mtu wa uchumi anakuambia hicho utakachovuna kitakulisha au kitakufilisi. Mimi niliajiriwa niwe wote wawili kwa mshahara wa mmoja. Siku nzima nilishinda shambani kupima mikungu, na jioni nilikaa ofisini kupiga hesabu za mkulima atapata nini baada ya miaka kadhaa akipanda hiki badala ya kile. Hesabu ya mahindi ni ya msimu mmoja. Ukikosea, mwakani unarekebisha. Mchikichi unaupanda leo na kungoja miaka minne, pengine mitano, ndipo uone rangi ya mafuta yake. Anayekosea kwenye mchikichi amekula kipande cha maisha ya mtu.

Sasa lile tunda. Ukilikata katikati unakuta nyama ya nje, ile yenye mafuta, kisha kokwa. Mchikichi wa kienyeji, tunaouita dura, kokwa yake ina ganda nene, kwa hiyo nyama ni kidogo na mafuta ni kidogo. Upo mwingine, pisifera, ambao kokwa yake haina ganda kabisa. Utadhani huo ndio mali. Aa wapi! Huo kwa kawaida ni tasa: mikungu yake huoza ikiwa michanga. Lakini ukichukua chavua ya huo tasa ukaipakaza kwenye ua la dura, unapata mtoto anayeitwa tenera, mwenye ganda jembamba na nyama nyingi. Huyo ndiye mwenye mafuta. Kazi hiyo inafanywa kwa mkono, ua moja moja, na kila ua linafungwa mfuko ili upepo na wadudu wasilete chavua ya kuokoteza. Ni kazi ya gharama na ya subira.

Na tenera hana mtoto wa kutegemewa. Mnawajua kuku chotara wanaouzwa wakiwa vifaranga? Ukiangulisha mayai yao hupati kuku kama wao. Ndivyo ilivyo. Ukiokota mbegu chini ya tenera ukazipanda, robo ya miche inarudi kwenye ganda nene la babu, na robo nyingine inaangukia kwenye utasa. Tena ikiwa kitaluni huwezi kuitofautisha, yote ni ya kijani, yote ni mizuri. Mkuu wa Kituo alinifundisha hilo mpaka nikawa naliota, na mpaka anastaafu hakuna mbegu ya kuokota iliyotoka kwenye lango lake.

Niseme kidogo juu ya dada yangu Siwema, maana bila yeye haya yote ni maneno ya darasani tu. Wazazi wetu walipofariki, yeye ndiye mkubwa, akabaki na shamba la michikichi karibu na barabara ya Kidahwe. Michikichi ya kienyeji, mirefu, ya marehemu baba. Alichemsha machikichi kwenye pipa, akakamua, akabeba mawese hadi sokoni Ujiji. Sisi wadogo tulipasua kokwa kwa mawe tupate mise, kile kiini cha ndani, nayo ikauzwa. Sare yangu, nauli ya treni kwenda chuo, hata ile tai, vyote vilitoka kwenye miti ile. Dada Siwema hakuolewa hadi nilipomaliza masomo. Nikikumbuka hilo, hasira zangu zote zinapata mahali pa kukaa.

Baada ya Mkuu wa Kituo kustaafu ukaja mradi, ambao jina lake nimeapa kutolitaja, na pamoja nao akaja Mratibu wa Mradi. Alikuwa mtu mzuri wa sura na mtamu wa maneno, na gari lake lilikuwa jeupe hata wakati wa masika. Alitaka mkoa mzima ung'oe dura upande tenera. Hapo sikuwa na ugomvi naye. Nilimwandalia hesabu zote: mkulima akikata michikichi yake ya zamani ataumia miaka mingapi, na baadaye atapata mara ngapi ya alichopoteza. Zilikuwa hesabu safi, na mpaka leo nazitetea. Ila zilikuwa hesabu za tenera wa kweli.

Kwenye kikao cha kuagiza mbegu Mratibu akasema hakuna haja ya kuagiza wala kungoja kufunga maua mifuko. Kituoni kulikuwa na tenera wengi, mbegu zimejaa chini.

Nikasimama. Nikaeleza yote haya ya babu na utasa, taratibu, kama ninavyowaeleza ninyi.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akawageukia wengine. "Jamani, mchumi mzima anatushauri tununue kitu kinachookotwa chini ya mti!"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Kati ya waliocheka walikuwemo watu waliosoma jenetiki kunishinda. Nilikaa. Mwishoni Mratibu akanishika bega, akasema, "Usijali, Ramadhani, tutaagiza za kweli. Nilikuwa natania." Wiki hiyo hiyo nikapata uhamisho kwenda Kalinzi, milimani, kwenye kahawa.

Kalinzi sina neno nayo. Watu wa kule walinipokea vizuri, wakanifundisha kuamkia kwa Kiha, wakacheka matamshi yangu ya Kiujiji. Nilipiga hesabu za kahawa kuukuu, ukiukata mbuni chini ukachipua upya unapata nini na unakosa nini. Baridi ya kule ilinitesa kifua. Sikujua kwamba huku chini Mratibu amemwendea dada yangu.

Nilikuja kujua sikukuu ya Idi. Nilishuka na pikipiki iliyobeba mkungu wa ndizi, nikapita shambani kwanza nimsalimie Dada. Loo! Palikuwa peupe. Michikichi ya baba ilikuwa imelala chini yote, na katikati ya magogo miche imepangwa mistari mizuri kama wanafunzi kwenye paredi. Dada Siwema alinikimbilia huku anacheka.

"Umeniona? Nimekuwa wa kwanza Kidahwe nzima!"

"Nani amekuambia ukate, Dada?"

"Si wewe! Yule bwana wa gari jeupe amekuja na karatasi ya mahesabu. Akasema, 'Haya ni ya mdogo wako, mtaalamu wetu.' Nikaona mwandiko ni wako. Ningekataaje?"

Siku ya pili ya Idi, ofisi imefungwa, nilimfuata Mratibu nyumbani kwake. Nikamuuliza mbegu zile zimetoka wapi. "Zimetoka kituoni," akajibu, akanikaribisha pilau. Zimetoka kituoni! Kweli zilitoka kituoni, chini ya miti. Pilau sikuigusa, na tangu siku ile sijampa mtu yule mkono.

Nilirudi nikamwambia Dada ukweli wote. Aliyatazama magogo. "Sasa nifanyeje, niyasimamishe?" akaniuliza. "Miche imependeza. Tuiombee." Akaipalilia kwa moyo, miaka yote ile, huku akinunua mawese sokoni kwa watu aliokuwa akiwauzia.

Walimu wenu hawatawaambia hili: mti tasa hunenepa. Hauna mkungu wa kulisha, nguvu yake yote inakwenda kwenye majani. Shambani kwa Dada kulikuwa na mmoja uliowapita wenzake wote, mpana, mweusi kwa afya, kila apitaye barabarani anaugeukia. Mratibu alipoleta wageni wake, akasimama mbele ya mti huo, mkono kiunoni, akapigwa picha. Picha ikatiwa kwenye bango na kutundikwa ofisini. Mimi nilisimama nyuma ya mpiga picha. Nikamwambia mgeni mmoja kwamba mti ule hautazaa. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, na kuniambia ni mti mzuri sana.

Ulipofika wakati wa kuzaa, ule mti ulitoa mikungu midogo ikaoza kwenye makwapa ya majani, mmoja baada ya mwingine, ukinuka. Watu wa Kidahwe wakauita dume. Nilichukua panga nikakata tunda la kila mti uliobahatika kuzaa. Hapa ganda nene, pale ganda nene, pale jembamba, kisha madume matatu yamefuatana. Iliyozaa ilizaa ovyo ovyo, hailingani. Dada alikuwa ananitazama ninavyokata. Mratibu wakati huo alikwisha pandishwa cheo na kuhama, na taarifa ya mwisho ya mradi ilisema miche yote imegawiwa kwa mafanikio. Kugawiwa iligawiwa, hilo sipingi.

Nilikaa kazini miaka mingine mingi baada ya hapo, nikastaafu kwa hafla ya soda na karanga. Wanangu, msidhani kazi hii haina maana. Ina maana kupita kiasi, ndiyo maana inauma. Mkiisoma mtajua mapema mno jambo ambalo wenye vyeo watalijua baada ya miaka mitano, na kwa miaka hiyo mitano ninyi ndio mtakaoitwa wakorofi. Ikifika siku ya kudhihirika, hakuna atakayerudi kuwaomba radhi. Wale waliocheka kwenye kikao nawaona mjini hapa, tunaamkiana vizuri.

Basi mwaka huu amekuja nyumbani bibi shamba mpya wa kata, binti mwenye adabu. "Shikamoo, Mzee. Tuna miche ya tenera. Wakulima hawaitaki. Wamesema mpaka wakusikie wewe."

Nikamuuliza mbegu zimetoka wapi, akaanza kueleza, nikamkatiza. Nilitaka kuona. Akanipeleka mpaka kwenye miti mama. Nikaona maua yamefungwa mifuko, kila mfuko na alama yake, nikaona chavua inavyotunzwa. Wallahi, tangu Mkuu wa Kituo astaafu sikuwahi kuona kazi safi namna ile. Machozi yalinilenga. Nikakubali kwenda kusema.

Watu walijaa uwanjani Kidahwe. Dada Siwema naye alikuja, nikamketisha mbele. Miche ilipangwa kwenye kivuli, na nyuma yake walitundika bango walilolitoa stoo ya ofisi. Mratibu alikuwa amekatwa pembeni, umebaki mti peke yake, mpana na mweusi kwa afya. Bibi shamba wa watu hakujua. Angejuaje, wakati ule alikuwa hajazaliwa.

Dada Siwema akainuka kwenye kiti. "Jamani, hilo si lile dume langu?"

Wakacheka. Walicheka sana, mpaka wengine wakapigana mabega, halafu kicheko kikaisha na watu wakaanza kuokota vitu vyao. Nikashika kipaza sauti. Nikaeleza mifuko, chavua, ganda jembamba, nikaapa kwamba nimeona kwa macho yangu. Mzee mmoja wa umri wangu akanijibu bila hasira, "Ndugu Ramadhani, hata wale wa kwanza walikuja na hesabu zako." Akatia kofia, akaenda zake. Wengine wakamfuata, na bibi shamba akabaki amesimama na daftari lake la majina halina jina.

Nikamwendea Dada. "Dada, miche hii ni ya kweli."

"Najua. Wewe hujawahi kunidanganya."

"Basi chukua hata michache. Waanze kukuona wewe, watafuata."

"Ukiipanda leo inazaa lini?"

"Miaka minne. Ikichelewa, mitano."

Alinitazama, macho yake yameshaingia ukungu, mkono wake umeshika fimbo niliyomnunulia. "Ramadhani," akasema, "wewe ndiye niliyekusomesha hesabu. Nihesabie na mimi."

Bodaboda wake alikuwa anangoja. Nilimsaidia kupanda, nikamkunjia mtandio usinaswe na gurudumu, wakaondoka kuelekea Ujiji. Miche ile mpaka leo iko palepale kivulini, mizizi imeanza kutoboa mifuko.