Kijiji Kisicho na Mgonjwa

Sikusoma sana, nilikomea kidato cha pili, kwa hiyo mambo ya kompyuta nitakayoyaeleza hapa yachukuliwe kwa tahadhari. Kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali nyumba kwa nyumba huko Bodo, kisha kuyaingiza majibu kwenye kompyuta katika ofisi ya watafiti, Msambweni. Aliyeyachambua ni dada mmoja kutoka Nairobi, mpole na mchapakazi. Nasema hivi mapema nisije nikaonekana namsengenya.

Uchambuzi wenyewe ni maandishi tu: mistari ya amri, mmoja chini ya mwenzake, na kompyuta huisoma kutoka juu kwenda chini, mwisho ikatoa jedwali. Jedwali hilo ndilo lingeamua kama gari la kliniki liendelee kufika Bodo au lipelekwe kwingine penye wagonjwa zaidi. Nami Bodo nina shangazi yangu, mwenye kidonda cha mguu alichokipata kwa kuchomwa na kisiki cha mkoko akitafuta kaa. Gari likikatizwa, itambidi aje Msambweni kwa pikipiki kila kidonda kinapotakiwa kusafishwa. Na pikipiki hapandi. Anasema haina heshima.

Dada akaziendesha amri zake, jedwali likatoka: Bodo, wagonjwa sifuri.

"Hongereni," akasema.

Nikamwambia labda nimekosea kuingiza, maana kikiharibika kitu mara nyingi huwa ni mimi. Tukapekua. Majibu yote yalikuwamo: homa, presha, vifua, mguu wa shangazi. Kompyuta ndiyo haikuyatazama. Dada akashuka na kidole kwenye kioo hadi akaufikia mstari uliosema hivi: kama jibu la swali la kwanza ni "wazima", ruka sehemu yote ya maradhi. Si jambo la kipumbavu. Mtu mzima utamhesabia maradhi gani?

Ila swali la kwanza lilikuwa: Je, nyote hapa ni wazima?

Sasa nani huku kwetu atapigiwa hodi na mgeni aanze na maradhi? Unajibu wazima, alhamdulillah, mgeni anakaribishwa, anakaa, anaulizwa ya kwao. Maradhi yanakuja baadaye, pengine mgeni keshasimama kuaga. Nyumba moja walikuwa wametoka kuzika, na walinijibu wazima kabla sijamaliza kuvua viatu.

Nikamweleza. Akasema anaelewa, lakini hana ruhusa ya kumbadilishia mtu jibu lake. "Nikianza kuwageuza wazima kuwa wagonjwa, si nitakuwa nimewatunga?" Hapo alikuwa na haki, na hata leo naona alikuwa na haki.

Basi nikampigia shangazi simu, nikaiweka spika ili dada asikie mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Wewe u mzima?"

"Mzima kabisa, alhamdulillah."

Dada akanitazama kwa huruma.

"Na mguu, shangazi?"

"Mguu unatoa usaha. Jana haukunipa usingizi."

"Kwa hiyo u mgonjwa."

"Nani mgonjwa? Mimi ni mzima. Mguu ndio mgonjwa. Kwani huko kazini kwenu hamna kazi?"

Dada akaisogelea simu. "Shikamoo, shangazi. Sasa mimi niandike nini?"

"Marahaba, mama. Andika tunawasalimu."

Dada akairudia kompyuta. Kisha akaweka alama ya reli, hii #, mbele ya ule mstari, kompyuta iupuuze. Ikaenda vizuri mpaka ilipofika nyumba ambazo kweli hazikuwa na maradhi, ikakwama na kutoa maandishi mekundu. Akaufuta, akaandika mwingine: ruka tu pale ambapo majibu yote ya maradhi ni matupu. Hakugusa jibu la mtu. Shangazi alibaki mzima kwenye safu moja, na mguu wake ukasomwa kwenye safu nyingine. Jedwali jipya likaonyesha kwamba Bodo kuna wagonjwa tele, karibu wote wazima, na ikabidi dada alisimamie hilo mbele ya wakubwa wake. Mimi nilikuwa napeleka chai, sikusikia yote. Nilichosikia ni kwamba gari linabaki.

Nikaenda Bodo mbio kumpa shangazi habari.

"Mlikaa mkutano kuusema mguu wangu?"

"Hatukutaja jina, shangazi."

"Na Bodo kuna miguu mingapi yenye kidonda?"

Nikafikiri kwa haki. Ninaoujua mimi ni huo mmoja.

Gari lilipokuja alifika mbele ya wote. Akamkabidhi muuguzi mguu, na uso akaugeuzia upande nisiokuwepo. Alipokwisha kufungwa upya akanipita, salamu yangu hakuiitikia. Lakini alikuwa akikanyaga chini kwa unyayo wote, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda, nikaona nisimfuate.